Hoteli ya reli, mji hauna reli

SWALI: Mzee jambo sana. Mimi niko hapa Bweyale, Uganda, nauza spea za boda. Babu yangu alikuwa mpishi kwa ile Masindi Hotel enzi za Mwingereza, na mpaka leo akiiongelea anaiita "hoteli ya reli". Sisi wajukuu tunamcheka manake Masindi haina reli, ata kipande. Babu amechanganyikiwa ama ni sisi? Alafu hio nyumba imekuwa ikifanya kazi gani miaka yote hii, juzi nimepita hapo nikakuta semina, watu wamening'iniza vitambulisho shingoni. – Mjukuu wa Mpishi, Bweyale

JIBU: Mwombeni babu msamaha leo leo, ata kuku mmoja mchinjieni. Waliojenga ile hoteli mwaka wa 1923 ni watu wa reli kweli, tena reli ya siku zile haikuwa gari moshi peke yake, ilikuwa na meli zake na magari yake ya barabarani. Safari ilikuwa hivi: unapanda treni Jinja mpaka Namasagali (njia hio ilifunguliwa 1912), hapo unaingia meli, mnakata Ziwa Kyoga mpaka Masindi Port. Sasa mbele ya hapo meli haipiti, manake Nile inaanza kurukaruka kwa mawe ya Karuma mpaka inaanguka pale Kabalega (Murchison kwa Kizungu), nani atapitisha meli hapo? Basi watu wanashuka, wanapakiwa kwa gari mpaka Masindi mjini, wanalala, wanaoga vumbi, alafu wanateremka Butiaba kupanda meli ya Ziwa Albert kwenda Kongo ama Sudan. Hoteli iliwekwa pale kwa sababu ya mawe ya mtoni, ndo maana nasema babu yuko sawa kuwashinda nyinyi wote.

Na muulize babu kama alimpikia Hemingway, yule mwandishi Mmarekani. Januari 1954 ndege yake iligonga waya wa telegrafu karibu na maporomoko hayo ya Kabalega ikaanguka, wakalala porini na mke wake, kesho yake boti ikawaokota mpaka Butiaba, wakapanda ndege ya pili na hio nayo ikashika moto kabla haijaruka! Ndege mbili kwa siku mbili. Jamaa akatoka na majeraha, wakaletwa Masindi kwa gari, kumbe magazeti huko duniani yashatangaza amekufa.

Kilichoiharibia hoteli ni mvua na barabara. Mvua za 1961 na 1962 zilipandisha maziwa vibaya sana, bandari za Butiaba na Namasagali zikaingia maji (Namasagali baadaye wakageuza kuwa shule, wanafunzi wakasomea kwa majengo ya reli). Daraja la Karuma likafunguliwa 1963, reli nayo ikafika Pakwach 1964 kupitia Gulu. Basi msafiri wa kaskazini akawa anapitia huko kwenu Bweyale, Masindi ikabaki pembeni. Yaani nyinyi mnaouza spea kando ya barabara kuu ndo mlikula riziki ya babu, hamjui tu.

Baada ya uhuru ikawa chini ya Uganda Hotels, kampuni ya serikali, alafu wakati wa kubinafsisha ikauzwa. Saa hii inaishi na watalii wa mbuga ya Murchison, na hizo semina zenu. Lakini barabara za lami zilizojengwa kwa ajili ya mafuta zimefika mpaka Paraa, ndani ya mbuga, na daraja juu yake, mtu anatoka Kampala asubuhi, jioni anaangalia tembo bila kulala Masindi, kwa hivyo mimi naona semina ndo zitailisha hio hoteli kuliko simba.

SWALI: Na Crested Crane ya Jinja mbona siku hizi ni shule? – Dada wa Walukuba

JIBU: Ni chuo cha hoteli na utalii dadangu, hoteli ikawa darasa, mwanafunzi anatandika kitanda cha mgeni kweli kweli. Mimi hio naipenda kuliko kuziba madirisha na kugeuza stoo ya simenti.

SWALI: Mwenye nyumba ya zamani anaruhusiwa kubomoa akitaka? – Msomaji, Hoima

JIBU: Kuna sheria. Ya kwanza ya 1967 ilizeeka mpaka tukapata mpya ya makumbusho na minara ya kumbukumbu mwaka wa 2023. Lakini jengo lisipotangazwa rasmi kwamba linalindwa, sheria hailishikii mkono. Kwa hivyo kabla ya kupiga kelele nendeni kwanza muulize kama lenu limo kwa orodha, na mjukuu wa mpishi, kama babu ana picha yoyote amevaa aproni pale jikoni, piga nakala kabla mchwa hawajaimaliza.