Mkojo sio mwekundu, mbona damu imeisha?

SWALI: Habari daktari, niko huku Njoro, ng'ombe wangu wa gredi ameacha kula leo siku ya tatu, maziwa yamekauka, choo ni kigumu, nikimfungua jicho ndani ni peupe na kamanjano hivi. Jirani anasema ni ugonjwa wa mkojo wa damu lakini mkojo wake hauna wekundu. Nimdunge tu ayani (madini ya chuma ya kuongeza damu)?

JIBU: Pole sana mama. Jirani hajaenda mbali, yote mawili huletwa na kupe, ila mimi hapo nashuku anaplasma, kijidudu kingine cha damu. Babesia, kile kijidudu cha mkojo wa damu, hupasua seli nyekundu ndani ya mishipa, rangi inamwagika mpaka kwa mkojo unaona kama chai ya rangi. Anaplasma hukaa ndani ya seli, halafu bandama inaziharibu zile zilizoambukizwa, so damu inaisha kimya kimya na wewe unaona tu umanjano. Ndio maana ayani pekee haitakusaidia, madini yenyewe hayajatoka mwilini, shida ni seli zinakufa haraka kuliko zinavyotengenezwa.

Ita daktari wa mifugo achukue damu kabla ya dawa yoyote (najua ya agroveti inavutia). Ataona pia damu imeisha kiasi gani, kawaida seli nyekundu huwa kama asilimia 24 hadi 46 ya damu ya ng'ombe. Oksitetrasaiklini hutibu anaplasma, babesia hutaka daiminazini. Na tafadhali usimkimbize kwenda kwa krashi (kile kizuizi cha kumshikilia ng'ombe), hewa mwilini ni kidogo, anaweza kuanguka afe hapo hapo, atibiwe akiwa kivulini.