Maswali ya Wasomaji: Klabu za Huduma, Kisima cha Shule na Masomo ya Ng'ambo

Mwezi huu barua tatu zimefika kuhusu jambo moja, klabu za huduma, yaani vikundi vya watu wanaojitolea kusaidia jamii, ingawa kila mwandishi amelitazama kutoka upande wake. Nimezijibu kwa urefu usiolingana, kwa sababu uzito wake haulingani.

Mwalimu, shikamoo. Katika hoteli moja hapa Moshi kuna watu wanaokutana kila wiki. Wanagonga kengele, wanavaa kibeji chenye alama ya gurudumu, na majirani wananiambia kwamba hao ni Freemason wanaotafuta watoto wa kuwasomesha ili wawamiliki. Mwanangu ameahidiwa sare na daftari na watu hao. Nizipokee?
*Mama wa watoto wanne, Majengo, Moshi*

Marahaba, mama. Zipokee. Gurudumu hilo ni alama ya Rotary, klabu iliyoanzishwa Chicago tarehe 23 Februari 1905 na wakili Paul Harris pamoja na wenzake watatu: mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na fundi cherehani. Jina lilitokana na desturi yao ya kwanza ya kuzunguka, leo wanakutana ofisini kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Hakuna kiapo cha siri, na mgeni akialikwa huketi na kusikiliza kikao mwanzo hadi mwisho. Kengele ni ya kufungulia na kufungia kikao, kama ile tuliyokuwa tukigonga shuleni.

Uvumi huu nausikia pia kuhusu Lions, klabu nyingine ya huduma, ambao nao walianzia Chicago, mwaka 1917, na ambao watu wengi wa hapa wanawafahamu kwa huduma za macho. Ukitaka kumpima anayekusaidia, muulize msaada umeorodheshwa wapi, na mwalimu mkuu anaufahamu au hapana. Anayekwepa maswali hayo ndiye wa kuogopwa, awe na kibeji au asiwe nacho.

Mwalimu, mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi. Klabu moja ya Arusha imetuletea wageni wa klabu rafiki kutoka Marekani, nao wamependezwa na shule yetu, wanataka kutuchimbia kisima na kutuletea vitabu vya maktaba. Wazee wamefurahi na kusema "mgeni njoo, mwenyeji apone". Mimi nina maswali, lakini naogopa kwamba nikiuliza tutaonekana hatuna shukrani na wageni wataondoka. Nifanye nini?
*Mjumbe, Arumeru*

Uliza, ndugu yangu, tena uulize mapema, kabla mashine ya kuchimbia haijapanda barabara ya kijiji chenu. Klabu za kweli huyatarajia maswali hayo. Fedha kubwa za mfuko wa Rotary, zile ziitwazo ruzuku za kimataifa, hazitolewi mpaka klabu za nchi mbili zishirikiane, ya hapa na ya ng'ambo, na mpaka mahitaji ya jamii yawe yamechunguzwa pamoja na wanajamii wenyewe. Bajeti ya chini ya ruzuku hiyo ni dola 30,000 za Marekani. Kwa hiyo kamati inapouliza inakuwa inaifanya sehemu yake ya kazi, na inapokaa kimya inawaacha wageni wakisie.

Nianze na kisima, kwa sababu hapo ndipo pana hatari. Maji ya maeneo mengi yanayouzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi inayotoka katika miamba ya volkano. Wenyeji wa Maji ya Chai na Ngurdoto wanaijua bila kipimo: meno ya kahawia ya watoto, na katika hali mbaya zaidi miguu iliyopinda, hasa pale ambapo magadi nayo hutumika sana jikoni. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita, wakati nchi yetu iliwahi kuruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini kwa kukosa vyanzo vingine. Kuchemsha hakuiondoi floraidi hata kidogo. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki na kuzidi ukali. Urefu wa kisima nao si dhamana, kwani maji ya chini sana yanaweza kuwa mabaya kuliko ya chemchemi mnayoyadharau. Na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo ambao meno ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi, yaani hasa hao wa madarasa yenu ya awali.

Basi swali lako la kwanza liwe hili: maji yatapimwa floraidi lini, na nani, na majibu yakiwa mabaya mpango wa pili ni upi? Mpango wa pili upo. Paa la bati la madarasa sita likifungwa gata na kuunganishwa na matanki hukusanya maji ya mvua yasiyo na floraidi, na shule ikawa na maji ya kunywa hata kama ya kisima yatabaki kwa usafi wa vyoo na bustani. Upo pia mkaa wa mifupa unaochuja floraidi, lakini lazima ubadilishwe mara kwa mara, na hapo linazuka swali la nani atalipa. Jambo jingine, uchimbaji unahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo makao yake yapo hapa Moshi, na RUWASA, wakala wa maji vijijini, wa wilaya wahusishwe tangu mwanzo, kwa kuwa pampu itakapokufa wageni watakuwa wamelala upande wa pili wa dunia.

Kuhusu vitabu nitasema yaliyonipata. Nilipokuwa katibu wa kamati ya shule, tulipokea maboksi mengi ya vitabu kutoka ng'ambo. Tulicheza ngoma, tukapiga picha. Tulipoyafungua tulikuta riwaya za watu wazima, kamusi zilizokatika kurasa, na vitabu vya kupikia vya majiko ya umeme. Vyote kwa Kiingereza, na sisi ni shule ya msingi ya serikali inayofundisha kwa Kiswahili hadi darasa la saba! Vilikaa stoo mpaka mchwa wakavimaliza, na hakuna aliyethubutu kuwaandikia waliovituma. Nawalaumu wao kidogo, najilaumu mimi zaidi, maana barua ya kuwaomba orodha ingegharimu stempu moja. Waombeni wageni wenu wanunue vitabu vya Kiswahili katika maduka ya Arusha, kulingana na orodha iliyoandikwa na walimu, vikiwamo vya hadithi vya darasa la kwanza na la pili ambavyo daima ni vichache. Fedha ya kusafirisha kontena peke yake hununua rafu nzima. Na kama klabu inapenda kugusa elimu yenyewe, iulizeni kuhusu semina kwa walimu wa kusoma na kuandika. Mwalimu aliyenolewa hana gharama ya kupitishwa bandarini.

Mwisho, andikieni makubaliano: nani anamiliki pampu na matanki, ufunguo uko kwa nani, wazazi wamekubali kuchangia kiasi gani kwa ajili ya vipuri, na taarifa itakwenda kwa klabu kila baada ya muda gani. Mtendaji wa kata na afisa elimu kata wawe na nakala. Ukiogopa kuuliza mbele ya wageni, mpigie kwanza mwenyekiti wa klabu ya Arusha na mzungumze faragha. Yeye ni mwenyeji kama wewe, na fedheha ya kisima kikavu au chenye sumu itamwangukia yeye kabla ya wale wa Marekani.

Mwalimu, nimehitimu shahada ya kwanza mwaka jana. Nimesikia klabu hizi hupeleka vijana kusoma nje. Je, ni lazima mzazi awe mwanachama? Kuna mtu ameniambia nitume shilingi 150,000 za fomu.
*Mhitimu, Soweto, Moshi*

Usitume hata senti. Ufadhili wa Rotary hauuzwi kwa fomu, na mtu anayekudai fedha kwa jina la klabu apelekwe polisi pamoja na namba yake ya simu.

Si lazima mzazi wako awe mwanachama. Ruzuku ya kimataifa niliyoitaja juu inaweza kugharamia masomo ya uzamili au utafiti kwa mwaka mmoja hadi minne wa masomo, katika nchi isiyo yako, lakini kwa masharti yanayowakwaza wengi. Somo lenyewe lazima liingie katika maeneo ambayo Rotary imejiwekea, kama vile amani, kuzuia magonjwa, maji na usafi, afya ya mama na mtoto, elimu ya msingi, uchumi wa jamii na mazingira, hivyo anayetaka kusomea masoko ya hisa atafute mlango mwingine. Inatakiwa pia uwe umekubaliwa na chuo. Isitoshe, huombi peke yako: klabu ya hapa na klabu ya huko uendako ndizo zinazoliwasilisha ombi, na ya huko hukupa mshauri wa kukupokea. Hii ndiyo sababu ya kuanza mapema, pengine zaidi ya mwaka kabla ya muhula, kwa kuhudhuria vikao na kujulikana kwa kazi yako.

Kama fani yako inahusu amani na umeshapata uzoefu wa kazi, tazama pia ufadhili wa amani wa Rotary, ambao una kituo katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Hiyo ni safari ya basi, na nashangaa vijana wa Kilimanjaro wanavyoipita wakikimbilia viza za Ulaya.

Umeuliza pia, katika aya ambayo sikuichapa, kuhusu mdogo wako aliye kidato cha tano. Kwake klabu ya ng'ambo ni mbali mno. Ada ya shule za serikali ilikwisha kuondolewa kwa msingi, kisha kwa kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, na kwa kidato cha tano na cha sita tangu 2022. Kinachowakwamisha watoto sasa ni godoro, nauli, sare na taulo za kike. Klabu ya hapa Moshi inaweza kutoa hivyo bila kuvuka mpaka wowote. Mwambie aende na barua ya mkuu wa shule.