Nani Huikagua Ndege Iliyoundwa Bandani?

SWALI: Ndugu Mhariri, jirani yangu hapa Texas anaunda ndege ya watu wawili kwa mikono yake katika banda la uwanja mdogo. Je, sheria inamruhusu, nami nikipanda nitakuwa salama?

JIBU: Ndugu msomaji, sheria ya Marekani inamruhusu, mradi zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na watu wanaoiunda kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Kabla ya kuruka, ndege hukaguliwa na mkaguzi aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga, kisha hurushwa kwa majaribio, mara nyingi saa 25 au 40, na katika muda huo abiria wa kawaida haruhusiwi. Usikubali kupanda mapema, hata ukibembelezwa.

Mwombe akuonyeshe kazi yake. Pitisha kidole kwenye tundu ambalo halijatiwa ribiti, yaani pini fupi ya chuma ya kuunganishia mabati, katika bati la alumini: likikwaruza, makali yake hayajaondolewa, na hapo ndipo ufa unapoweza kuanzia baada ya miaka ya mtikisiko. Mimi humwamini zaidi fundi anayeing'oa ribiti iliyopinda akapiga nyingine, na anayetunza daftari lenye picha na tarehe za kila hatua, kwa kuwa mkaguzi naye atataka kuliona.