Maswali na Majibu: Mchana Kazini, Jioni na Chelo

Safari hii barua nyingi zimegusa jambo lile lile. Mtu anapiga chelo, ile fidla kubwa inayopigwa kwa uta ukiwa umeketi, katika okestra na papo hapo ana kazi nyingine inayomlisha. Baadhi yenu mmeuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba mnaungama dhambi. Nimezifupisha barua, majina nimeyaacha.

Salamu, Mwalimu. Binti yangu amemaliza kidato cha nne na anapiga chelo katika okestra ya vijana. Anataka kusomea muziki chuoni. Kipaji chake sikipingi, ila nataka kujua atakula nini. (Mzazi, Nakuru)

Mzazi mwenzangu, swali lako ni halali na sitalijibu kwa maneno matamu. Nairobi Orchestra, ambayo ipo tangu enzi za ukoloni, ni ya watu wanaopiga kwa mapenzi na wenye shughuli zao mchana. Mpiga chelo wa Nairobi anayeishi kwa muziki, kwa kawaida huishi kwa kufundisha, shuleni au nyumba kwa nyumba. Harusi, ibada na kazi za studio huja kama nyongeza, tena kwa msimu. Desemba simu haipumziki, Januari kimya.

Ila usidhani Ulaya mambo ni tofauti sana. Chukua Philharmonic ya Vienna, okestra iliyoanzishwa mwaka 1842 na inayoheshimika kote duniani. Hakuna anayeingia humo moja kwa moja. Kwanza uajiriwe katika okestra ya Opera ya Taifa ya Vienna, upige huko angalau miaka 3, ndipo uruhusiwe kuomba. Ukishapokelewa huiachi opera. Usiku uko shimoni chini ya jukwaa ukiwapigia waimbaji, na Jumapili asubuhi uko ukumbini kwa tamasha la Philharmonic. Wengine juu ya hayo wanafundisha vyuoni. Hizo ni kazi mbili au tatu, na huyo ndiye mpiga chelo aliyefika kileleni! Kule London Symphony Orchestra nako wapigaji wamejiajiri wenyewe. Hulipwa kwa kazi waliyoifanya, na okestra ni mali yao.

Kwa hiyo mwache asome muziki, lakini ajifunze na namna ya kufundisha watoto wadogo. Hicho ni kipaji cha pekee na wapigaji hodari wengi hawana. Akipenda kazi ya mikono, ajifunze na kutengeneza fidla na chelo. Mafundi wa kazi hiyo huku kwetu ni wachache mno.

Mimi ni muuguzi hapa Nairobi. Zamu zangu hubadilika kila mwezi, na mazoezi ya okestra ni jioni ile ile kila wiki. Je, nikimtuma rafiki yangu akanishikie kiti mazoezini, halafu mimi nije siku ya onyesho, kuna ubaya?

Upo, tena una historia ndefu.

London ya miaka ya 1900 ilikuwa na desturi hiyo hiyo. Mpigaji aliyeahidi kupiga mahali fulani, akipata kazi yenye malipo mazuri zaidi, alimtuma mwenzake akakae kwenye kiti chake. Wanamuziki wa siku zile walikuwa na mzaha wao. Umemwajiri Fulani, mpigaji unayemtaka. Mazoezi ya kwanza kamtuma rafiki yake, si haba. Ya pili, rafiki naye kamtuma rafiki yake. Siku ya onyesho anatokea mtu wa nne, ambaye ungekuwa radhi kumlipa abaki nyumbani.

Henry Wood, aliyekuwa akiongoza okestra ya Queen's Hall, na meneja wake Robert Newman walichoka. Mwaka 1904 wapigaji waliambiwa kwamba kutumana basi. Wapatao 40 hivi waliondoka, wakaunda okestra yao, na tarehe 9 Juni mwaka huo huo wakatoa tamasha lao la kwanza ndani ya ukumbi ule ule wa Queen's Hall, wakiongozwa na Hans Richter. Hiyo ndiyo London Symphony Orchestra niliyoitaja hapo juu.

Wale waliotoka nawaelewa. Usipopiga hulipwi, na kodi ya nyumba haijui habari ya mazoezi. Lakini mimi niko upande wa Wood. Sababu yangu utaiona ukitazama jinsi wapiga chelo wanavyokaa. Ni wawili wawili, kila wawili na stendi moja ya nota. Aliye upande wa watazamaji huendelea kupiga ukurasa unapoisha, wa ndani huacha kidogo, hufunua karatasi, kisha hurudi. Ni huyo wa ndani pia anayeshika penseli. Anaandika uta unavutwa wapi, unasukumwa wapi, na wapi mwongozaji amesema tusikimbie. Makubaliano hayo hufanyika mazoezini. Usipokuwepo, siku ya onyesho uta wako utapanda wakati wa wenzako unashuka, na hata aliyekaa kiti cha nyuma kabisa ataona.

Sasa la kufanya. Ratiba ya zamu ikitoka tu, mpelekee kiongozi wa wapiga chelo siku hiyo hiyo, na mwambie waziwazi jioni ambazo hutakuwepo. Omba ukae ndani, na jioni usipokuwepo mwenzako akushikie penseli, kisha upige picha kurasa hizo baada ya kila mazoezi. Badilishana zamu na wenzako wodini kwa ajili ya mazoezi mawili ya mwisho, hata kama itakugharimu usiku wa Krismasi. Onyesho ambalo huwezi kufika kwenye mazoezi yake ya mwisho, liache lipite. Nasema hivyo nikijua linavyouma.

Jambo, Mwalimu. Ni fundi umeme huku Bukavu, na ninajifunza chelo kanisani. Wananicheka eti fundi umeme na chelo wapi na wapi. Halafu mikono inachoka. (Fundi)

Wanaokucheka waulize habari za Kinshasa, katika nchi yao wenyewe. Orchestre Symphonique Kimbanguiste ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, mwanzilishi wa kanisa la Kimbangu. Alikuwa rubani, kazi ikaisha. Vyombo vilikuwa vichache, watu wakipokezana. Waya wa fidla ukikatika na dukani hakuna, waliweka waya wa breki ya baiskeli. Wapigaji wao walikuwa watu wa kazi za kawaida kabisa za mjini, na hao ndio waliokuja kupiga Simfoni ya 9 ya Beethoven. Mafundi umeme hawakukosekana.

Kuhusu mikono, usitoke kuvuta nyaya ukaenda moja kwa moja kwenye chelo. Osha kwa maji ya uvuguvugu, keti kidogo, anza na sauti ndefu za polepole kwenye waya mtupu bila kubonyeza. Ncha za vidole vya kushoto kuwa ngumu ni jambo jema. Kidole gumba cha kushoto kukaza nyuma ya shingo ya chelo ni jambo baya, na wanaoshika bisibisi kutwa nzima ndio wanaokaza zaidi. Kilegeze. Uchovu ukigeuka maumivu au ganzi, weka chelo chini, na ganzi ikirudi tena muone daktari. Usijitie ushujaa, mikono hiyo hiyo ndiyo inayopanda nguzo.

Assalaam alaykum, Maalim. Mimi napiga chelo kwenye taarabu hapa Unguja, mchana niko dukani. Je, na sisi mnatuhesabu?

Waalaykum salaam. Nyinyi mna mkusanyiko wa Nadi Ikhwan Safaa tangu 1905, mwaka mmoja tu baada ya wale wa London kujitoa, halafu unaniuliza kama mnahesabika?

Na mpango wenu naupenda. Kikundi ni chama, wanachama wana riziki zao mchana, jioni watu hukutana klabuni. Mwezi wa Ramadhani nyimbo husimama, na Idi ikiingia maonyesho yanafuatana. Duka linaweza kupangwa kuzunguka kalenda hiyo kwa sababu inajulikana mapema. Wapigaji wa huku bara, ambao kila wiki ina dharura yake, wangekuonea wivu.

Nasomea chelo Uingereza na jioni nafanya kazi mkahawani. Wenzangu wanasema okestra zikijua zitanidharau. Nifiche?

Usifiche. John Barbirolli, aliyezaliwa London mwaka 1899 na kuja kuwa mwongozaji maarufu, alianza kama mpiga chelo, akapiga kwenye majumba ya sinema, mahotelini na kwenye kumbi za dansi. Hakuna aliyemdharau kwa hilo. Okestra zinachojali ni kama unapokea simu haraka na kama neno lako ni neno. Ukishakubali kazi ya Alhamisi, ikaja nyingine yenye malipo makubwa siku hiyo hiyo, baki na ya kwanza. Mkahawani nako omba zamu za asubuhi, kwa sababu matamasha ni jioni.

Natoka ofisini moja kwa moja hadi mazoezini. Chelo niiache ndani ya gari mchana kutwa? (Thika)

Hapana. Mbao za chelo hushikizwa kwa gundi ya ngozi za wanyama, na gundi hiyo hulegea kwenye joto. Gari lililofungwa juani saa saba mchana ni tanuri. Ongea na mlinzi au mtu wa mapokezi akupatie pembe ya ukuta isiyopigwa na jua. Kwenye matatu lipia viti viwili bila kubishana na makanga, hata kwenye ndege ndivyo inavyokuwa. Na siku ikifumuka ubavuni usipanike wala usiipeleke kwa seremala wa samani. Gundi ile imewekwa dhaifu makusudi, ili kiungo kiachie kabla mbao haijapasuka. Fundi wa fidla ataifunga tena, ila akikuta ile gundi nyeupe ya makochi humo ndani, bili utaiona.