Simu ya Karani Imeibwa na Majibu ya Wagonjwa

SWALI: Ninamiliki maabara ndogo ya kupima damu huku Kayole, yenye wafanyakazi wanne. Wiki jana karani wangu alinyang'anywa simu akishuka matatu, na ndani yake mlikuwa na picha za majibu ya wagonjwa, mengine yakiwa ya virusi vya UKIMWI, ambazo huwatumia kwa WhatsApp. Jirani ananihakikishia kwamba sheria ya ulinzi wa data haigusi biashara ndogo. Je, ni kweli?
Mwenye Maabara, Kayole

JIBU: Mpe karani pole, lakini jirani amekupotosha. Biashara yenye mapato ya mwaka yasiyofika shilingi milioni 5 na wafanyakazi wasiofika 10 imesamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, basi. Nao watoa huduma za afya hawamo hata katika msamaha huo. Wajibu mwingine wote wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 unakuhusu, na habari za afya ya mtu zimetajwa humo waziwazi kuwa data nyeti.

La haraka ni taarifa. Data ikifikiwa na asiyeruhusiwa, na pakawa na hatari ya kweli ya mwenye data kudhurika, Kamishna hupaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu ulipotambua tukio hilo. Muda huo umekwisha kukupita, lakini hilo si sababu ya kunyamaza, kwa maana sheria inapokea taarifa iliyochelewa mradi iambatane na maelezo ya kuchelewa kwake. Wagonjwa wanaojulikana nao waarifiwe kwa maandishi, hasa wale wa virusi, ambao majibu yao yanalindwa pia na sheria ya UKIMWI ya mwaka 2006. Barua hiyo ni ngumu kuiandika, tunajua. Hata hivyo, ni afadhali mgonjwa aisikie habari kwako kuliko kwa mtu anayemdai pesa ili afiche siri yake.

Usimkate karani mshahara. Alitumia simu yake binafsi kwa kazi yako, na mwenye kujibu mbele ya Kamishna ni wewe. Nunua simu ya maabara isiyotoka ofisini, iwekee nywila, zima uhifadhi wa picha unaojiendesha wenyewe, na majibu yaandikwe kwa namba ya mgonjwa badala ya jina. Ya virusi yatolewe ana kwa ana.