Maada haina awamu

Mwalimu mmoja wa fizikia wa Uyole, Mbeya, ameniandikia: "Naandaa somo kuhusu awamu za kitopolojia za maada kwenye wavu wa fraktali. Je, niseme wavu au kimia?"

Sema wavu, mwalimu, kwa huo mpangilio wa nukta zilizoungana. Kimia si kibaya, ila watangazaji wa mpira wamekwisha kukichukua, na mwanafunzi akisikia "kimiani" atawaza goli. Kinachoniuma ni hilo neno awamu, ulilolitumia kutafsiri "phase" ya Kiingereza.

Awamu ni kipande cha jambo linalokwenda na wakati. Ada hulipwa kwa awamu. Barabara hujengwa kwa awamu. Serikali ni ya awamu ya sita kwa sababu tano zimetangulia. Sasa panda Kitulo mwezi wa saba, alfajiri ya baridi kali, utazame ndoo iliyolala nje. Juu kuna utando wa barafu, chini yake maji, na hewa inayoizunguka ina mvuke. Yabisi, kimiminika na gesi, vyote kwenye ndoo moja, saa ileile. Ipi awamu ya kwanza? Ipi ilimpisha mwenzake? Hakuna! Hizo ni hali, neno tulilolipata kwa Waarabu, na vitabu vya shule vimeandika "hali za maada" miaka yote. Hata fundi umeme wa Mwanjelwa hatamki "awamu tatu". Husema fezi tatu, na anaeleweka.

Somo lako ndilo linaloidai hali kuliko yote. Wanafizikia Thouless, Haldane na Kosterlitz walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kuonyesha kwamba ziko hali za maada zinazotambulika kwa sifa ya umbo zima, sifa ambayo kasoro ndogondogo haziifuti; ndiyo maana zinaitwa za kitopolojia. Katika baadhi yake umeme haupiti ndani, hupita ukingoni. Lakini wavu wako ni wa fraktali, umbo ambalo vipande vyake hurudia umbo zima kwa udogo. Mfano wake, pembetatu ya Sierpinski, ina matundu ya kila ukubwa, na vipimo vyake (mstari una kimoja, uso bapa una viwili) ni takriban 1.585, si 2. Ndani ni wapi, ukingo ni upi? Hata hivyo, mwaka 2022 watafiti walionyesha mwanga ukitembea kando ya kingo za umbo la namna hiyo. Hali ngeni kabisa, na wewe unaipa jina la ratiba ya malipo!

Fraktali iache. Mwanahisabati Mandelbrot aliliunda neno hilo mwaka 1975 kutoka neno la Kilatini la kitu kilichovunjika, nasi hatuna letu. Andika basi: hali za kitopolojia za maada kwenye wavu wa fraktali. Na hiyo maada ilinde irabu zake mbili za mwanzo. Ukiangusha moja itabaki mada, ndugu yake wa Kiarabu, ambaye kazi yake ni mikutanoni.