Mawe ya mpaka, tangu Babeli hadi Mbagala

Jirani yangu kang'oa bikoni, ile nguzo ya zege ya mpaka wa kiwanja, usiku. Watu wa kale nao walifanyiana hivi? (Msomaji, Mbagala)

Pole sana. Walifanyiana, na kinga yao inafaa kujulikana. Babeli, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, mtu akipewa ardhi, habari zake zilichongwa kwenye jiwe liitwalo kudurru. Juu kuna mwezi, jua na nyota, alama za miungu. Chini yake yanafuata maelezo ya shamba na majirani wanaopakana nalo, mara nyingi majina ya mashahidi, kisha laana. Moja lililopatikana karibu na Baghdad karne ya 18, ambalo sasa liko Paris, linahusu shamba ambalo baba alimpa binti yake anayeolewa. Kinachonivutia zaidi ni laana zenyewe: katika mengi ya mawe haya anaapizwa hata yule anayemtuma mjinga, kiziwi au kipofu akaling'oe kwa niaba yake. Ujanja wote wa mjini walishauona.

Mawe hayo yalikaa shambani? (Msomaji, Tabata)

Wachunguzi wengi wanaona kudurru ziliwekwa hekaluni. Athens, Ugiriki, ndiko mawe ya mpaka yalikosimikwa mpakani penyewe, lipo la karibu mwaka 500 kabla ya Kristo limeandikwa, "Mimi ni mpaka wa Agora," yaani uwanja wa soko na mikutano.

Basi nichimbie bikoni nyingine mwenyewe? (Yule yule wa Mbagala)

Usithubutu. Bikoni ni zege na chuma tu. Vipimo vyake viko kwenye ramani ya upimaji iliyohifadhiwa serikalini, na huko jirani yako hafiki na sururu. Toa taarifa serikali ya mtaa, kisha omba ufufuaji wa mipaka, yaani bikoni irudishwe mahali pake kwa vipimo hivyo, kupitia ofisi ya ardhi ya manispaa au mpima aliyesajiliwa. Jirani akibisha, baraza la kata lisuluhishe. Ikishindikana, nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kiwanja changu hakijapimwa. Minyaa inatosha? (Msomaji, Chanika)

Inasaidia, kama masale, mimea ya mpakani, yanavyowasaidia Wachagga. Lakini minyaa hukatwa, na mzee aliyeipanda hufariki. Andikeni makubaliano sasa, huyo mzee angali hai: hatua ngapi toka mti gani hadi mti gani, mkipiga na picha. Majirani wa pande zote wasaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa, wakiwa wamesimama mpakani, si mezani.